Sauti Juu ya Ziwa: Mapenzi ya Radio katika Historia ya Misioni Zetu

Katika siku hizi za yubile tumehesabu mengi: majina ya mapadri waliotutumikia, wingi wa wabatizwa, hata matofali ya kanisa. Kitu kimoja hakikuhesabiwa, nacho kinalala katika depo ya parokia, kimefunikwa kitambaa. Ndiyo foni yetu ya zamani. Tunapenda kusimulia ukoo wake, kwa sababu bila mapenzi ya watu waliokesha wakisikiliza, misioni za Tanganika zingalikaa kila moja peke yake, kama visiwa.

Wazee wetu waliujua upweke huo. Mapadri Weupe walipoipokea Mpala mwaka 1885, barua zao za Ulaya zilivuka ziwa mpaka Karema, kisha zikafuata njia ya wapagazi kupitia Tabora hadi pwani inayoelekea Zanzibar. Jibu lilingojewa miezi mingi. Mtu aliweza kufa na kuzikwa, na jamaa zake huko mbali wakaendelea kumwombea afya.

Tangu mwaka 1911, kwa mapenzi ya mfalme Albert wa Kwanza, mtaalamu Robert Goldschmidt alianza kusimamisha katika Kongo vituo vya TSF, yaani simu isiyo na nyuzi. Kimoja kilijengwa Kongolo, kingine Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Huko Laeken, karibu na Brussels, kilijengwa kituo kikubwa cha kusemezana na Kongo. Kutoka hapo, tarehe 28 mwezi wa 3, 1914, muziki ulirushwa hewani, ukasikiwa na watu wenye vyombo vya kupokelea. Mwezi wa 8 mwaka ule ule, vita ilipofika, kituo hicho kiliharibiwa kusudi kisiangukie mikononi mwa Wajerumani.

Lakini radio haikukuzwa na serikali peke yake. Wako watu wanaoitwa radioamateri. Hao hujenga mitambo yao, husikiliza na kusemezana na wenzao wa nchi za mbali, wala hawalipwi kitu. Ni upendo wa maarifa tu. Zamani wakuu waliwaachia mawimbi yaliyo mafupi kuliko metre 200, wakidhani hayafai. Mwezi wa 11, 1923, Mfaransa Léon Deloy na Mwamerika Fred Schnell walisemezana kwa mawimbi hayo kuvuka bahari ya Atlantiki. Ndipo ulimwengu ulipotambua ya kuwa mawimbi mafupi hupanda mpaka tabaka la juu la anga, yakarudishwa chini mahali pa mbali sana. Kilichotupwa na wakubwa kikawa njia ya wadogo: mtambo wenye nguvu ya taa moja waweza kusikiwa ng'ambo ya bahari.

Kila radioamateri hupewa na serikali jina la hewani. Majina ya Kongo yalianza na OQ5 wakati wa Wabeljiki, na baada ya uhuru wa mwaka 1960 yakaanza na 9Q5. Hata mtakatifu yumo katika jamaa hii: Padri Maximilian Kolbe wa Polonya, aliyejulikana hewani kwa jina la SP3RN. Alijitoa kufa mahali pa mwenzake huko Auschwitz mwaka 1941, na Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 10 mwezi wa 10, 1982.

Kwa sheria, foni ya misioni si kituo cha radioamateri. Kila moja ina ruhusa yake. Lakini mawimbi ni yale yale, na ufundi ni ule ule. Aliyependa kutengeneza radio usiku ndiye aliyeiponya foni asubuhi.

Kifaa hiki kilikuwa pia na hatari yake. Mwaka 1964 waasi waliushika mji wetu, ulioitwa bado Albertville, tangu mwezi wa 6 hadi mwisho wa mwezi wa 8. Katika siku zile, sehemu nyingi za mashariki ya Kongo, mtu mwenye mtambo aliweza kuhesabiwa mpelelezi. Chombo kile kile kilichoweza kuomba msaada kiliweza kumpeleka mwenyewe mautini.

Amani iliporudi, ikarudi saa ya foni. Batri ya gari mezani, waya umefungwa mtini, na watu wamesimama dirishani. Mmoja asema, kisha aachilia kifungo ili mwenzake ajibu. Hapakuwa na siri: habari ya mtoto aliyezaliwa na habari ya kilio zilisikiwa na wote, na wote wakafurahi au wakalia pamoja.

Leo kila kijana ana telefone mfukoni, nasi tunashukuru. Lakini telefone hutegemea minara, na minara hutegemea umeme. Tarehe 5 mwezi wa 12, 2005, tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba nyingi hapa Kalemie. Siku kama hiyo ikirudi na minara ikanyamaza, nani atasema kwa ajili yetu? Batri moja na waya mmoja vyatosha, ila awepo mtu anayejua.

Basi tunawasihi wazazi na wakuu wa parokia: foni hii isiuzwe kama chuma cha zamani. Itengenezwe, iombewe ruhusa ya serikali, na wazee wanaojua bado ufundi wake wawafundishe vijana kabla hawajatuacha. Wawafundishe kwanza kanuni ya radioamateri wote: sikiliza kwanza, kisha useme. Kanuni hiyo yafaa mtamboni, yafaa nyumbani, yafaa na mbele ya Mungu.