Kujaa kwa Ngano

Huko Kamituga, mji wa dhahabu wa mashariki mwa Kongo ulio takriban kilomita 180 kusini-magharibi mwa Bukavu, kitenzi "kutwanga" kimehamia kwenye mawe. Wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu huitwa "mama twangaise": shina la Kiswahili, mkia wa Kifaransa. Jiwe limepata kitenzi cha nafaka. Ngano, kwa upande wake, hufika mjini humo bila vitenzi vyake. Huja ikiwa tayari ni unga ("bunga", wasemavyo wenyewe), ikawa mkate na mandazi, na mtoto hukua akiijua ladha yake bila kuona suke lake.

Tunapotaka kumweleza mtoto huyo kwa nini ngano ya Kivu hulimwa juu, kwenye nyanda baridi kama za Lubero, vitabu hutupa "athari za mwinuko kwa mavuno". Ni sahihi, ila hakuna anachokiona. Mwinuko wenyewe hauligusi shamba. Kinacholigusa ni hewa, inayopoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila upandapo mita 1,000.

Neno linalofaa tunalo: kujaa. Suke likishachanua, punje huanza kujaa wanga. Joto likizidi, mmea hufanya haraka, ukakomaa kabla ya kujaa. Shamba lote linang'aa manjano, kumbe punje zimesinyaa. Kwenye ubaridi wa wastani, nyuzi 15 hadi 20 hivi, siku za kujaa huongezeka na punje hunenepa. Mkulima anayesema "imekomaa lakini haikujaa" amekwisha kueleza fiziolojia nzima, tena kwa maneno matatu.

Kupanda juu nako kuna mpaka. Suke likiwa bado limefichwa ndani ya majani, wakulima wa mpunga na mahindi husema mmea umebeba mimba, na msemo huo unaifaa ngano vilevile. Usiku wa anga tupu, hewa baridi huteremka na kutuama kwenye mabonde ya huko juu. Jalidi ikilikuta shamba wakati wa mimba au wakati wa kuchanua, chavua hufa. Suke litasimama wima, zuri, halina kitu.

Halafu kuna kutu, ugonjwa wa ngano. Jina hili halihitaji maelezo kwa aliyewahi kuona jembe lililosahauliwa mvuani: kuvu wa ugonjwa huo hutoa vumbi la rangi ileile. Kutu ya njano hupenda baridi na umande, kutu ya shina hupenda joto zaidi, hivyo anayeikimbia moja kwa kupanda mlima huenda akaikuta nyingine. Aina ya kutu ya shina iliyoitia dunia hofu iligunduliwa Kalengyere, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1998. Huitwa Ug99: herufi za nchi jirani yetu, na mwaka 1999 ilipotambuliwa rasmi. Wataalamu wa dunia nzima wanalitaja jina lenye Uganda ndani yake, ilhali vitabu vyetu vya shule havijaipa "kutu" nafasi inayostahili.

Enyi waandishi wa kamusi na vitabu vya kilimo, kabla ya kuunda istilahi mpya, pandeni Lubero msimu wa masuke. Mwulizeni mwenye shamba anaiitaje punje isiyojaa, kisha liandikeni neno lake kama alivyolitamka.