Gharika Haikuwa Moja

Hapa Chang'ombe, Dodoma, nimeulizwa: je, gharika ya Nuhu ilifika kwetu? Mwaka 1872 George Smith wa London alisoma kwenye vibao vya udongo kisa cha Kibabeli chenye safina na njiwa, ndugu wa kile cha Nuhu. Mwaka 1904 Mjerumani Merker alichapa cha Wamaasai, cha Tumbainot. Huko Iraki, wachimbaji wa mabaki ya kale walikuta tope la mafuriko Ur na Shuruppak, lakini la nyakati mbalimbali. Basi kila nchi ina gharika yake. Yetu tuliiona Katesh, Desemba 2023: tope la mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80. Tusijenge korongoni kwa kuwa ni kavu. Maji hayasahau njia yake.