ALAMA NYEKUNDU (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Rangi, kijana wa Gatina, Kawangware, anayeishi kwa kuandika mabango, amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Tajiri anayefungua baa ya nyama choma karibu na steji ya 46 anataka ukuta mzima uchorwe "mambo ya kauboi". Lakini picha aliyomtumia kwenye simu imemkosesha Rangi usingizi.

SASA ENDELEA…

Rangi aliikuza picha kwa vidole viwili. Katikati alielea mwanamke wa Kizungu, shuka jeupe likipepea, nyota kwenye paji la uso. Mkono mmoja umekumbatia kitabu, mwingine unavuta waya wa telegrafu. Nyuma yake kulikuwa na magarimoshi, magari ya farasi na wakulima wakilima, na upande huo wote ulikuwa na mwanga. Mbele yake, kwenye ukingo wa kushoto penye giza, watu wenye manyoya kichwani walikuwa wakikimbia pamoja na nyati na dubu. Mmoja wao alikuwa amegeuza shingo kutazama nyuma.

"Nataka iwe hivyo hivyo," tajiri alikuwa amesisitiza kwenye simu. "Watu wakila mbuzi wayaone maendeleo."

"Na kauboi je, bosi?"

"Weka wawili pembeni, na kofia zao. Siku ya kufungua kutakuwa na bendi ya kantri."

Hilo la kantri halikumshangaza Rangi. Nairobi kuna watu wazima ambao hawajawahi kumpanda farasi, lakini Jim Reeves na Kenny Rogers wanawaimba mwanzo mpaka mwisho, na wikendi wanavaa buti na kofia pana. Kilichomsumbua ni ule ukingo wa kushoto. Alikuwa ameshapiga miraba ukutani kwa uzi wenye chaki, mraba mmoja wa simu kwa mraba mmoja wa ukuta. Kila alipofika miraba ya kushoto, mkono ulikataa.

Akaamua kwenda kwa mwalimu wake. Alishuka Adams, akakatiza Soko la Toi, akateremka Makina, akaandama reli mpaka Mashimoni, Kibera.

Mzee Brashi alikuwa juu ya stuli, akimalizia bango la kinyozi. Alikuwa anashika brashi kwa mkono wa kushoto, kidole kidogo kimeegemea ubao ili mkono usitetemeke. Alipofika mwisho wa herufi hakuinua brashi moja kwa moja. Aliizungusha kidogo, na mstari ukaisha kwa mkia mwembamba uliojikunja kushoto. Rangi alikuwa ameuiga mkia ule tangu akiwa mwanafunzi wake, na hakuwahi kuupata.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sura yako inasema umelipwa au umedhulumiwa. Ni lipi?"

Rangi akampa simu. Mzee aliitazama picha muda mrefu, kisha akashuka, akaingia ndani na kutoka na kitabu kikubwa kilichochanika mgongo, cha michoro ya Marekani ya kale. Alikinunua Toi, kwenye mafungu ya vitabu vya mitumba.

"Hii hapa," akasema, akifungua ukurasa. "Aliichora John Gast, mwaka 1872. Yenyewe ni ndogo, upana wake kama sentimita 40 tu. Hakuichora kwa kupenda. Aliagizwa na George Crofutt, mchapishaji wa vitabu vya kuwaongoza wasafiri wa magharibi. Crofutt akaitoa kwa nakala za rangi, ikaenea nchi nzima. Kwa hiyo hili ni tangazo, mwanangu. Sawa na bango la kinyozi. Sasa niambie, hawa wa kushoto wanakimbilia wapi?"

"Nje ya picha."

"Ndiyo kazi waliyopewa. Watoke, nchi ionekane tupu." Akafunua kurasa za mbele. "Mtazame huyu. Mató-Tópe, chifu wa Wamandan. George Catlin alimchora 1832, akaliandika jina lake. Miaka mitano baadaye ndui ikaingia kwao, ikamuua yeye na karibu kabila lake zima. Aliyemchora alimwona. Huyu wa 1872 anaona migongo tu."

"Lakini hayo ni ya Marekani, Mzee."

"Ya Marekani?" Mzee akacheka bila furaha. "Kuna mchoraji aitwaye William Leigh, aliyejulikana kwa farasi na Wanavajo. Mwaka 1926 alikuja Afrika na msafara wa Carl Akeley, achore mandhari ya nyuma ya wanyama waliokaushwa kwa ajili ya ukumbi mmoja wa makumbusho ya New York. Ukumbi ule ulifunguliwa 1936. Vioo vimejaa simba na wanyama wengine, na nyuma yao nyika zetu na milima yetu. Wenye nyika wako wapi? Na serikali ya kikoloni hapa, mwaka 1949, ilimwajiri Joy Adamson awachore watu wetu wamevaa mavazi ya jadi, kabla hayajapotea. Kuyapoteza kwenyewe, nani alikuwa anayapoteza?"

Garimoshi lilipita, mabati yakatikisika. Mzee alingoja kelele ziishe.

"Hata hapa palikuwa msitu, wakaletwa askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza. Wakalima, wakazika wazee wao, na bado wakaambiwa wako kwa ruhusa tu. Hati ya ardhi waliipata 2017, ekari 288. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, matingatinga yakaja kufungua barabara. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa pale." Akaonyesha lami kwa brashi. "Kabla ya tingatinga ilikuja X nyekundu. Mtu akishaiona mlangoni anaanza kufunga virago kabla hajafukuzwa. X ni mchoro mfupi kuliko yote, na una nguvu kuliko huyo mwanamke wako."

"Kwa hiyo nisiichore?"

"Sikusema hivyo. Unamkumbuka Solo 7, wa Maasai Mbili?"

Nani Kibera asiyemkumbuka? Maasai Mbili kilianza 2001, kikundi cha waandika mabango waliogeuka wasanii. Kibera ilipowaka baada ya uchaguzi wa 2007, Solo 7 alizunguka na rangi, akiandika kwenye kuta na mabati kwamba amani inatafutwa, ikiwa hai.

"Yale maneno aliyatoa kwenye mabango ya kauboi," Mzee akasema, "yale ya kutafuta mhalifu, awe hai au maiti. Alichukua silaha ya sinema akaigeuza dawa. Mkono ni wako, mwanangu. Anayelipa amenunua rangi tu."

Jioni Rangi alirudi Kawangware akiwa na mpango. Angemchora mwanamke kama alivyoagizwa, ila watu wa kushoto angewageuza. Wasingekimbia tena. Wangesimama wakimkabili mtazamaji, kila mmoja na sura yake.

Hakuufikia ukuta. Tajiri alimkuta barazani, akamvuta mpaka ndani ya gari na kufunga vioo.

"Ukuta unaweza kungoja. Nina kazi ya usiku mmoja." Akamwekea mapajani mkebe wa rangi ya mafuta, nyekundu, brashi ya inchi mbili na karatasi iliyokunjwa. "Milango 12. Kila mlango X moja. Shilingi 20,000."

"Bosi, X hupigwa na serikali."

"Na serikali humpa mtu tenda. Mimi ndiye huyo mtu."

"Naweza kuiona barua?"

Tajiri akatabasamu. "Nimesikia unadaiwa kodi ya miezi miwili. Mwenye nyumba wako ni rafiki yangu."

Rangi aliifungua karatasi chini ya taa ya duka la M-Pesa. Haikuwa na muhuri, nembo wala sahihi. Ilikuwa na majina ya Mashimoni yaliyoandikwa kwa kalamu. Hapo ndipo akili ilipofunguka. Watu wakiamka na X, kufikia saa sita mchana wataanza kuuza kwa bei ya kutupa, na mnunuzi atakuwa ameshajipanga. Akateremka kwa kidole mpaka mstari wa mwisho. *12. Fundi wa mabango, mlango wa buluu.*

Ilikuwa inakaribia saa saba za usiku. Angeweza kuutupa mkebe mtaroni na kulala. Lakini karatasi peke yake ingesadikiwa na nani? Alitaka Mzee aione na mkebe wake, wakati tajiri bado anadhani kazi inafanyika. Akapanda boda mpaka Adams, na kutoka hapo akatembea, mkebe chini ya jaketi.

Mashimoni ilikuwa giza, stima imepotea. Aliwasha tochi ya simu, akamulika mlango wa kwanza kwenye orodha.

Ulikuwa na X.

Akaugusa. Kidole kikarudi chekundu. Akakimbilia wa pili, wa tatu, wa nne. Zote mbichi, bado zinachuruzika. Mtu alikuwa amemtangulia kwa dakika chache tu. Kwenye mlango wa 11 alipiga magoti, akaisogeza tochi karibu. Mstari ulianza mzito juu, ukapungua ukiteremka, na mwishoni ukamalizia kwa mkia mwembamba uliojikunja kushoto.

Rangi alisahau kupumua. Mkia ule aliujua. Nairobi nzima kulikuwa na mkono mmoja tu wa kuufanya.

Akaugeuza mwanga kwenye mlango wa 12. Buluu tupu, bila tone la nyekundu.

"Huyo hapo! Ana mkebe!"

Filimbi ililia. Tochi zikamulika kutoka vichochoro vyote, na nyuma ya tochi kukawa na rungu, panga na nyuso za watu waliotoka usingizini. Rangi aliinua mikono juu. Mkebe ukaanguka, kifuniko kikafunguka, rangi ikamrukia viatu.

"Si mimi! Muulizeni Mzee! Mzee Brashi ananijua!"

Mlango wa buluu ukafunguka. Mzee alitoka amevaa koti juu ya msuli, macho makavu, mkono wa kushoto ameuzamisha mfukoni. Akamtazama mwanafunzi wake, akautazama umati, kisha akasema kwa sauti ambayo Rangi hakuwahi kuisikia:

"Ndiye huyu. Mshikeni."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.