Kufaulu na Kutofaulu kwa Far Cry 2: Uhakiki kutoka Same

Wapo watakaouliza tangu mwanzo: gemu la kompyuta limeingiaje katika kurasa za uhakiki wa fasihi? Swali ni halali. Lakini kazi yenye wahusika, mandhari na msuko, iliyobuniwa na watu wenye itikadi yao, na inayowakalisha vijana wetu kitako kwa saa nyingi kuliko riwaya tunazowasomesha, haiwezi kuachwa hivihivi ati kwa sababu haina kurasa. Makala haya yanauchunguza mchezo wa Far Cry 2, mchezo wa kufyatua risasi kwa nafsi ya kwanza, uliotolewa na Ubisoft mwezi Oktoba 2008. Tutaangalia pale watunzi walipofaulu na pale waliposhindwa, na kipimo chetu kitakuwa historia ya mahali pamoja: Same na milima ya Upare.

Kwa nini Same? Kwa sababu ya sura. Mandhari ya mchezo ni nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina, na watunzi wake, wa tawi la Ubisoft la Montreal, walifunga safari hadi Kenya kuiona nyika kwa macho yao. Nyika hiyo haikomi mpakani. Ukitoka Same mjini ukashika njia ya lango la Zange, ukaingia Mkomazi, unakuta nyasi za manjano, migunga, vumbi jekundu, na nyuma yako milima imesimama kama ukuta. Siku moja nilipokuwa nikiucheza, kijana aliyekuwa akitazama nyuma ya bega langu aliuliza, "Hapa si Mkomazi hapa?" Hakuwa anatania. Na kwa kweli uhakiki huu wote umetokana na swali lake: kama hapa ni kwetu, wenyewe wako wapi?

Tuseme kidogo kuhusu asili ya mchezo. Far Cry ya kwanza ilitengenezwa na Crytek, kampuni ya Ujerumani, mwaka 2004. Kisa chake kilikuwa katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, shujaa wake akiitwa Jack Carver, na ndani yake mlikuwa na viumbe vya kutisha vilivyotoka maabara. Sehemu ya pili haikuchukua kisiwa, haikumchukua Carver, wala haikuchukua viumbe wale. Ilichukua jina tu. Programu mpya iliyotengenezwa kuuendesha mchezo ikaitwa Dunia, neno ambalo msomaji wetu hahitaji kutafsiriwa. Basi tukiuita mwendelezo, tunauita hivyo kwa mazoea ya biashara.

Mchezaji ni mamluki aliyetumwa kumuua mchuuzi wa silaha anayeitwa Mbweha, ambaye anaziuzia pande zote mbili za vita. Anafika, anaanguka kwa malaria, na anapozinduka kitandani anamkuta Mbweha mwenyewe amesimama kando yake. Kazi imeharibika kabla ya kuanza. Tangu hapo anatumwa na makundi mawili, UFLL na APR, ambayo huwezi kuyatofautisha kwa sera wala kwa tabia, na malipo yake ni almasi.

Kufaulu kwa mchezo huu kuko katika namna ardhi yenyewe inavyopigana. Ukiwasha moto kichakani, upepo unauchukua, na mara nyingi unakurudia wewe uliyeuwasha. Bunduki uliyoiokota ina kutu, nayo inakwama wakati adui yu hatua kumi. Ramani haisimamishi mchezo. Ni karatasi ya mkononi, unaisoma huku unaendesha gari na risasi zinalia. Malaria inarudi wakati usioutaka, macho yanafifia, unatafuta vidonge. Ukijeruhiwa sana unamwona mhusika akijichomoa risasi kwa koleo. Michezo mingi ya aina hii humfanya mchezaji ajione mungu mdogo. Huu unamfanya mgonjwa aliyepotea njia.

Mwanafunzi wa historia ya Upare hawezi kulipuuza jambo hilo. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliteremka kutoka Kahe kuwafuata Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kando ya reli ya Tanga, ambayo ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911 tu. Safu moja ilifuata reli. Nyingine ilishika bonde la mto Pangani. Ya tatu, ya askari wa Keya, ilipenya pengo la Ngulu, pale milima ya Upare Kaskazini na Kusini inapoachana. Same ilishikwa bila vita vikubwa. Wajerumani waling'oa reli, wakavunja madaraja, wakafyatua kidogo, wakatowekea kwenye kilima kinachofuata. Katika kampeni ile ya Afrika Mashariki, malaria na kuhara vililaza watu wengi kuliko risasi, na farasi na nyumbu waliangamizwa na mbung'o. Zipo simulizi nyingi za vita ile zinazoieleza kama bao lililochezwa na watu wawili, Smuts huku na Lettow-Vorbeck kule. Watunzi wa Montreal, ambao hawakuwa na Upare akilini, wameikaribia hali halisi ya 1916 kuliko baadhi ya waandishi hao, maana wamejua kwamba nyika haiwi uwanja mtupu wa kuchezea majenerali. Kwa hilo wanastahili sifa, tena si ndogo.

Lakini hebu tuulize swali la mtu wa kawaida: hizo risasi nani kazibeba?

Katika Far Cry 2 silaha zinanunuliwa kwa almasi na kukusubiri ghalani. Zimefikaje huko, hatuambiwi. Mwaka 1916 kila sanduku la risasi na kila gunia la unga lililopita mbali na reli lilikuwa juu ya kichwa au bega la mtu. Wapagazi walikusanywa kwa nguvu na pande zote mbili, wakafa kwa makumi ya maelfu, na jina la kikosi chao upande wa Waingereza ndilo tunalolitamka hadi leo tukiitaja Kariakoo ya Dar es Salaam. Mchezo umechora vizuri mzigo wa jua, homa na kutu, kisha ukamwondoa aliyebeba mzigo. Kosa hili ni la maudhui, siyo la ufundi. Vita bila kazi ya mikono ya watu ni vita ya kufikirika, hata nyasi zake zikiungua vizuri namna gani.

Wachezaji wengi wamelalamikia kasoro nyingine: vituo vya njiani. Unakisafisha kituo, unaondoka kidogo, ukirudi askari wako palepale, wazima, kama hujawahi kupita. Mara ya kwanza inachekesha. Mara ya ishirini inachosha. Mimi naiona kasoro hii kuwa ndugu ya ile ya wapagazi. Askari wa 1916 akifa alikuwa amepungua, na akitoroka kurudi kwao alikuwa amepungua pia, tena kule kwao kulikuwa na shamba na watu wanaomngoja. Hawa wa kwenye skrini hawana kwao, ndiyo maana hawaishi.

Raia hawakosekani kabisa, tuwe wakweli. Wamefichwa ndani ya nyumba chache, nawe unawapelekea hati za kusafiria ili wakupe vidonge vya malaria. Nje ya hapo, katika eneo ambalo watengenezaji walilitangaza kuwa na ukubwa wa kilometa 50 za mraba, hutamwona anayelima, anayechunga wala anayekwenda gulioni. Utaona pundamilia, nyati na wenye bunduki. Mtetezi wa mchezo atasema hiyo ni makusudi: wamekimbia vita. Sawa. Ila nyika isiyo na watu inaaminika upesi kwa mtazamaji, na imani hiyo ina historia, na sehemu ya historia hiyo ni Mkomazi yenyewe.

Mkomazi lilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, na wakati huo baadhi ya familia za wafugaji ziliruhusiwa kuendelea kuishi humo. Kufikia 1988 wafugaji wote, Waparakuyo, Wamasai, Wapare na wengine, walikuwa wameondolewa na mifugo yao. Baadhi yao walikwenda mahakamani katika miaka ya 1990, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Rufani. Mtafiti Dan Brockington, katika kitabu chake cha 2002 kuhusu Mkomazi, alionyesha jinsi picha ya nyika safi isiyo na binadamu ilivyosaidia kuhalalisha kuondolewa huko. Leo ni hifadhi ya taifa. Sisemi hifadhi haina faida, wala huo si mjadala wa makala haya. Nasema tu kwamba kijana aliyeuliza "Hapa si Mkomazi hapa?" alikuwa anatazama mahali pawili palipofanywa patupu kwa sababu zinazofanana, pamoja kwa sheria na pengine kwa kompyuta.

Mwongozaji wa mchezo, Clint Hocking, hakuficha kwamba aliazima kutoka kwa Joseph Conrad, na Mbweha ni Kurtz mwenye simu ya upepo. Mwaka 1975 Chinua Achebe alitoa mhadhara Massachusetts akimshutumu Conrad kwa kuigeuza Afrika kuwa pazia la nyuma, ambapo Mzungu mmoja anaharibikiwa akili huku Waafrika wakibaki vivuli. Shutuma hiyo inaingia hapa bila kubadilishwa sana. Kati ya mamluki tisa unaoweza kuwachagua, yuko wa Algeria na yuko wa Mauritius. Mwafrika wa bara, kusini mwa Sahara, hayupo. Wewe mchezaji wa Same utaitumia nafsi ya kwanza, lakini nafsi yenyewe ya kuazima.

Kinachoshangaza ni kwamba Hocking huyuhuyu ni mhakiki mzuri. Mwaka 2007 aliandika makala yaliyojadiliwa sana kuhusu mchezo wa BioShock, akidai kwamba kile hadithi inachokisema na kile mchezaji anachokitenda vinagombana. Tumpime kwa rula yake. Mwishoni mwa Far Cry 2 wakimbizi wanataka kuvuka mpaka. Mbweha na mamluki wanagawana kazi: mmoja apeleke almasi kuwahonga walinzi wa mpaka, mwingine alipue njia ili wanaowafuata wasipite, na wote wawili wafe. Hadithi inasema vita hii ni uovu na wanaoichochea hawastahili kuishi. Vitendo vinasema umma ni kundi la kusubiri kuokolewa, na waokozi ni mchuuzi wa silaha na muuaji wa kukodiwa.

Umma wa Upare haukusubiri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utawala wa Kiingereza pamoja na watawala wa jadi ulileta kodi ya nyongeza iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, ikapewa jina la ushuru wa kale, mbiru. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani hadi bomani Same, wakapiga kambi, wakakataa kurudi makwao. Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, aliyaandika hayo mwaka 1971. Hawakuja na bunduki. Walikaa. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliingia, na inasimuliwa kwamba walimtaka ofisa wa serikali achague moja: amalize mgogoro waume zao warudi nyumbani, ama awape mimba yeye mwenyewe. Serikali yenye polisi na jela haikuwa na jibu la hoja kama hiyo, na mwishowe mbiru ikafutwa.

Nilirudi kwenye mchezo nikiwa na habari hiyo kichwani. Kipo kitufe cha kuchutama, ila ni cha kumvizia mtu. Nikaendesha gari hadi kituo cha njiani, nikashuka, nikachutama barabarani bila kufyatua chochote. Walinimaliza kabla sijahesabu kumi.