Kwenu ni wapi? Historia ya wageni ndani ya inchi yao



Fishi yetu ya kuandikisha familia iko na mstari unaosema: "Asili." Mwezi uliopita mzee mmoja wa Likasi alikataa kuujaza. Aliniambia: "Huku balituita bilulu, ni kusema wadudu. Kule Kasai balituita batu ba Katanga. Sasa mwanangu, niandike nini?" Nilikosa jibu. Ndiyo maana ninaandika.

Wazazi wa mzee huyu hawakuja Katanga kwa kujificha. Walitafutwa. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi kuliko ile iliyopatikana karibu na migodi. Mwaka 1928 reli ilifika Port-Francqui, leo Ilebo, na njia kati ya Kasai na Katanga ikawa fupi. Wakasai wakaajiriwa migodini, kwenye reli na maofisini. Watoto wao wakazaliwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, wakasoma hapa, wakaongea Kiswahili cha hapa.

Siasa ndiyo iliyoleta uchungu. Katika uchaguzi wa komini za Élisabethville, Desemba 1957, watu waliotoka nje ya Katanga walishinda. Mwaka uliofuata chama cha CONAKAT kikazaliwa ili kutetea wale walioitwa "wenyeji wa kweli". Katanga ikajitenga Julai 1960. Mwaka 1961 maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pale Élisabethville. Tuangalie vizuri: kati yao walikuwamo hata Waluba wa Katanga yenyewe. Kuzaliwa hapa, na mababu kuzikwa hapa, hakukutosha.

Kisha 1992. Mwezi wa Agosti, Konferansi ya Taifa ilimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa Waziri Mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Ugomvi wa viti vya Kinshasa ukaangukia mafundi na walimu wa Likasi. Gécamines ilikuwa imeanza kuanguka, kazi zilikuwa chache, na vijana wa UFERI walipita nyumba kwa nyumba: "Muende kwenu!" Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Familia zililala ku gare wiki na miezi, zikingojea treni. Wengi, zaidi watoto, walikufa kwa magonjwa na njaa. Waliofukuzwa wote walihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Na "kwenu" kulikuwa wapi? Wengine walishuka Mwene-Ditu bila kuwa wamewahi kukanyaga Kasai. Watoto hawakujua Tshiluba vizuri. Hawakuwa na shamba wala nyumba. Huko nako wakawa wageni. Waliporudi Katanga, wengine walikuta parsele zao na watu ndani.

Mimi ninasoma historia hii hivi: mtu hafanywi mgeni na mahali alipozaliwa. Anafanywa mgeni siku ile mwingine anapotaka kazi yake, nyumba yake au kura zake. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa popote katika inchi hii. Lakini mlangoni pako, anayebisha hodi si katiba, ni jirani.

Wapendwa, sisi pia ni majirani. Leo familia mpya zinashuka kutoka Kasai, na katika mikutano yetu wenyewe nimesikia: "Hawa wamezidi, warudi kwao." Neno hilo tunalijua. Tulilisikia ku gare.

Basi ninaomba komite ifute mstari wa "Asili" kwenye fishi. Tuulize tu: unaishi avenue gani, muko wangapi nyumbani, munahitaji nini? Fishi ya mzee ninayo bado, na mstari ule uko mweupe. Tumpokee hivyo hivyo.