Mataifa ya kubuni na askari wa kuchezea: Chimbuko na sababu zake

MATAIFA ya kubuni ni nchi zisizokuwako katika ramani yoyote, ambazo wachezaji wa michezo ya vita huziunda ili askari wao wa kuchezea wapate bendera ya kuipigania, mfalme wa kumtii na jirani wa kugombana naye.

Mchezo huo huchezwa mezani au sakafuni. Askari hao wadogo hupangwa kwa vikosi na kusogezwa kwa umbali uliopimwa, na aghalabu dadu ndiyo huamua nani ameanguka.

Watoto wa Haworth

Mfano mashuhuri wa ubunifu huu ulianza Juni 1826. Kasisi Patrick Brontë wa Haworth, kaskazini mwa Uingereza, alirejea kutoka Leeds na askari 12 wa mbao aliomnunulia mwanawe Branwell, ambaye hakuwa ametimiza miaka tisa. Dada zake watatu, Charlotte, Emily na Anne, walijichagulia askari mmoja mmoja. Charlotte alimwita wake Duke wa Wellington, naye Branwell akamchagua Bonaparte.

Kutokana na askari hao, watoto walibuni nchi nzima yenye mji ulioitwa Glass Town, pamoja na vijitabu vilivyoandikwa kwa hati ndogo mno, vilingane na kimo cha raia wake. Mnamo 1834, Charlotte na Branwell waliunda ufalme wa Angria, ilhali Emily na Anne walikuwa wamejitenga na kubuni Gondal, kisiwa cha bahari ya Pasifiki.

Linalopaswa kuzingatiwa ni mahali walipouweka mji wa Glass Town: pwani ya Afrika Magharibi. Katika masimulizi yao, askari wale 12 hutia nanga huko, hupigana na Waashanti na kujitwalia ardhi.

Haya hayakuzuka hivi hivi. Uingereza ilikuwa vitani na Waashanti tangu 1823, na Januari 1824 gavana wake, Charles MacCarthy, aliuawa vitani. Habari za magazeti na majarida zilifika hadi chumba cha watoto. Baadaye, masimulizi hayo yalimleta Quashia, mwana wa mfalme wa Waashanti, anayeongoza uasi dhidi ya wageni hao. Kwa hivyo, taifa la kubuni hubeba fikra za zama zake, hata linapobuniwa na watoto.

Wells na warithi wake

Mnamo 1913, mwandishi H.G. Wells alichapisha kitabu Little Wars, chenye kanuni za vita vya sakafuni. Mizinga ya springi ilirusha vipande vya mbao, na majeshi yalitambuliwa kwa rangi tu: nyekundu na samawati. Wells alishikilia kuwa vita vya aina hiyo ni bora kuliko vya kweli kwa sababu havimwagi damu. Mwaka uliofuata, Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka.

Kitabu Charge! cha Peter Young na J.P. Lawford (1967) pamoja na The War Game cha Charles Grant (1971) viliimarisha desturi ya kubuni majeshi ya mtindo wa karne ya 18. Zama hizo zinafaa kwa vile Ujerumani iligawanyika katika himaya ndogo ndogo nyingi. Kuongeza moja ya kubuni hakuharibu ramani.

Sababu za kubuni

Kwanza, historia humfunga mchezaji: mshindi wa Waterloo anajulikana, wa vita vya kubuni hajulikani. Pili, mchezaji huwa huru kuchagua sare, bendera na vyeo. Tatu, hageuzi vifo vya watu halisi kuwa burudani.

Anayetaka kubuni taifa lake huanza na ramani: mto, kivuko, mlima na bandari. Hapo ndipo chanzo cha ugomvi hupatikana. Majina na sare hufuata. Ila, kama Glass Town inavyotufunza, kabla ya kuchora mpaka ni vyema kuuliza ni nani tayari anaishi pale.