Kantonye, mtaro na mizani: historia ya barabara inayodumu

Mvua kubwa ikinyesha katika Kivu, gari za mizigo zinakwama, bei ya unga na maharagi inapanda sokoni, na mgonjwa anabebwa kwa kipoyi hadi hospitali. Wengi husema: mvua imeharibu barabara. Lakini historia ya ufundi wa barabara inaonyesha kwamba maji huharibu pale yanapokosa njia ya kupita.

Somo hilo ni la zamani. Mwaka 1764, huko Limoges nchini Ufaransa, mhandisi Pierre Trésaguet alikuta barabara zikitengenezwa kwa kazi ya shuruti. Wanakijiji waliitwa mara chache kwa mwaka, wakajaza mashimo, wakarudi kwao. Mvua iliyofuata iliyafungua tena. Trésaguet alipanga mawe makubwa chini na madogo juu, akaipa barabara mgongo ili maji yateremke pembeni. Tena alitaka kila kipande cha barabara kiwe na mtu wake wa kukitunza siku zote, kwa malipo. Turgot, aliyekuwa mkuu wa jimbo hilo, aliondoa ile kazi ya shuruti na kuweka kodi ya kulipia matengenezo. Mtunzaji wa namna hiyo Wafaransa humuita cantonnier, na sisi tukasema kantonye.

Baadaye, Uingereza, Mskoti John McAdam alipewa barabara za Bristol mwaka 1816. Yeye alisema kwamba mzigo wa gari unabebwa na udongo wenyewe, na udongo ukiwa mkavu unabeba mzigo wowote. Kwa hiyo aliinua barabara kuliko ardhi ya kando, akachimba mitaro, akafunika udongo kwa mawe madogo yaliyopondwa, yanayoshikana kadiri gari zinavyopita.

Adui wa pili ni uzito. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, askari waliendesha malori mchana na usiku juu ya barabara za majaribio, za lami na za zege. Wahandisi walihesabu kila mzunguko na kupima uharibifu. Walichopata kinafundishwa hadi leo: ukizidisha mara mbili uzito unaobebwa na ekseli moja, uharibifu unaongezeka karibu mara 16. Ndiyo sababu mhandisi huhesabu gari na kupima mizigo kabla ya kuchagua unene wa barabara.

Huku kwetu Kongo, barabara nyingi za wakati wa Wabelgiji zilichimbwa kwa shuruti, na wazee wetu walilipia kwa jasho. Lakini zilipopatikana, kantonye alikuwa na kipande chake, jembe lake na mtaro wake. Office des Routes iliundwa mwaka 1971 kusimamia barabara za kitaifa. Pesa za matengenezo zilipopungua na vita vilipofuata, kantonye wengi walitoweka, mitaro ikajaa udongo. Hata bariere ya mvua, ile inayosimamisha lori hadi udongo ukauke, madereva wengi huiona kama usumbufu tu, kumbe inafuata somo lilelile la McAdam.

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia mliohama vijiji vyenu, jambo hili linatuhusu. Barabara hiyo ndiyo inayoleta chakula kambini, na ndiyo mtakayopitia siku ya kurudi nyumbani. Tusijenge vibanda juu ya mtaro wala kutupa takataka ndani yake. Siku ya salongo, tuanze na mtaro kabla ya shimo. Na viongozi wakumbuke Limoges: salongo haiwezi kuchukua nafasi ya kantonye anayelipwa kila mwezi, na lori lililojaa kupita kiasi lisipite bariere kwa sababu mwenyewe ametoa kitu kidogo. Pesa hiyo inaishia mfukoni mwa mtu mmoja, na shimo linabaki kwetu sote.